D3100 na D3500: miaka minane katikati, fokasi ileile

#1 MpigaJioni (mtoa mada)

Wakuu habari zenu.

Kuna swali halikauki humu: mtu ana Nikon D3100 ya zamani, kaonyeshwa D3500, anauliza kama akihama atapata picha tofauti au atapata mkanda mpya wa kuvaa shingoni tu. Mimi D3100 ninayo tangu enzi zake. Shemeji yangu ana D3500, kasafiri, kaniachia wiki mbili. Nimezitembeza zote, lenzi moja nikiihamisha huku na huku, AF-S 35mm f/1.8G, nisije nikaisifia bodi (kamera bila lenzi) kumbe kazi imefanywa na lenzi.

D3100 ilitangazwa 2010, D3500 ikaja 2018. Ya kwanza ina megapikseli 14.2, ya pili 24.2. Ukisikia hivyo unadhani picha imekaribia kuwa kubwa mara mbili. Wapi! D3100 inatoa pikseli 4608 kwa 3072, D3500 inatoa 6000 kwa 4000. Gawanya 6000 kwa 4608, unapata 1.3. Upana umeongezeka kwa asilimia 30 basi. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, moja inakupa karatasi ya upana wa sentimita 39, nyingine 50 na ushee. Picha za mchana, ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nilizitia kwenye simu nikampa mke wangu abahatishe ipi ni ya kamera mpya. Kati ya tano alikosa tatu.

Mambo yanabadilika jioni. Nilikwenda kwenye ukumbi ambapo kwaya hufanya mazoezi, taa mbili za darini, hakuna kingine. Niliweka tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO hivi: f/1.8, 1/125, ISO 3200. Kwa D3100 hapo ndipo ISO za kawaida zinapoishia. Zilizobaki ni Hi1 na Hi2, yaani 6400 na 12800, ambazo mimi nazihesabu kama tairi la akiba: lipo, ila usiende nalo safari. Chengachenga zinajaa kwenye vivuli na nywele nyeusi zinaota madoa ya rangi. D3500 kwenye ISO hiyohiyo haijatoka hata jasho. Yenyewe inapanda hadi 25600. Sishauri mtu afike huko, lakini picha ya ISO 6400 naikabidhi kwa mwenyewe bila kuomba radhi.

Halafu vivuli vyenyewe. Nilimkalisha mtu mbele ya dirisha, nikapima mwanga wa nje, uso ukawa giza makusudi. Nikapiga RAW (faili ghafi) kwa zote mbili, nikaenda kuinua vivuli kwenye kompyuta. D3100 ilinirudishia uso wenye michirizi na mchanga. D3500 ilinirudishia uso. Kwangu hii imezidi megapikseli kwa mbali, na ndiyo haiandikwi kwenye boksi.

Sasa lililoniacha mdomo wazi: fokasi, yaani kulenga ili picha isiwe na ukungu. Nukta 11 kule, nukta 11 huku. Mtambo wenyewe unaitwa Multi-CAM 1000 kwenye zote mbili, na nukta ya katikati tu ndiyo ya msalaba, inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Mle ukumbini nukta za pembeni zilihangaika kwenye kamera zote, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Miaka minane, sensa (kipande kinachopokea mwanga) imebadilishwa kabisa, macho ya kulengea ni yaleyale.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba picha zake za watoto wanaokimbia hazikai sawa, akidhani D3500 itamponya, namwambia mapema asiweke matumaini yote hapo.

Karibuni mnisahihishe.

#2 Kivuli_cha_Saa_Sita

Uzi mzuri mkuu. Nakuongezea tu kwamba kuwa na mtambo mmoja wa fokasi hakumaanishi fremu zinazopatikana ni sawa. D3100 inapiga fremu 3 kwa sekunde, D3500 inapiga 5. Mtoto akikimbia kwa sekunde mbili, una nafasi 6 au una nafasi 10. Fokasi ikikosa nusu, bado unarudi nyumbani na tano dhidi ya tatu.

#3 MpigaJioni (mtoa mada)

Kweli kaka, hilo nililiruka. Ila mimi sipigi mfululizo, ndiyo maana halikunijia.

#4 Bi_Lenzi

Mnajadili bodi wakati tatizo la wengi humu ni lenzi. Nifanye hesabu moja.

Mtoa mada kapiga f/1.8, 1/125, ISO 3200. Chukua D3500 na lenzi yake ya boksi, ile inayouzwa pamoja na kamera, 18-55mm, ivute mpaka mwisho, 55mm, ambapo tundu linaishia f/5.6. Kutoka f/1.8 kwenda f/5.6 umepoteza mwanga karibu mara kumi. Ukitaka kubaki kwenye 1/125, ISO inabidi iende 31000 hivi. D3500 inaishia 25600. Yaani D3100 ya 2010 yenye lenzi ya f/1.8 inapiga picha ambayo D3500 ya 2018 yenye lenzi ya boksi haiwezi hata kuianza.

Mwenye D3100 anayetaka kubadili kamera kwa sababu ya giza, aanze na 35mm f/1.8. Akishindwa hapo ndiyo arudi tuongee bodi.

#5 Fundi_Pikseli

Dada yangu Bi_Lenzi, hesabu ni sahihi ila mizani umeilalia upande mmoja. Umelinganisha 35mm na 55mm. Weka lenzi ya boksi kwenye 35mm, hapo tundu linafunguka mpaka karibu f/4.5, si f/5.6. Mwanga unaopotea ni mara 6 na kidogo, ISO inakuwa 20000. D3500 inaifikia.

#6 Bi_Lenzi

Inaifikia, sawa. Umeshaiona ISO 20000 lakini?

#7 Fundi_Pikseli

Nimeiona 😂 Nimekubali.

Lakini kuna jambo upande wa D3500 hamjalitaja. Sensa yake haina kile kichujio cha mbele kinacholainisha picha kidogo ili kuzuia mistari ya uongo. D3100 inacho. Ndiyo maana ukizikuza picha kwenye kompyuta, ya D3500 inaonekana imenolewa zaidi hata ya kile ambacho asilimia 30 ingekupa. Gharama yake ni kwamba ukimpiga mtu aliyevaa shati la mistari membamba sana, mara mojamoja unaona mawimbi ya rangi ambayo kwenye shati hayapo. Imenitokea mara mbili tu, si jambo la kukunyima usingizi.

Na faida ya kukata picha: fremu ya D3500 ukiikata ibaki megapikseli 14, ni kama umevuta lenzi mara 1.3. Lenzi yako ya 200mm inageuka 260mm. Wapiga picha za ndege mtanielewa.

#8 Mtu_wa_Betri

Mkuu mtoa mada umesahau betri. Kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengenezaji kamera cha Japani) D3100 ni picha 550, D3500 ni 1550. Karibu mara tatu! Kwa wanaokwenda porini siku tatu bila umeme hiki ndicho cha kwanza.

#9 Fundi_Pikseli

Hapo twende taratibu. Betri za kamera hizi ni ndugu: EN-EL14 ya D3100 ina mAh 1030, EN-EL14a ya D3500 ina 1230. Ongezeko ni kama asilimia 20, na EN-EL14a inaingia na kufanya kazi kwenye D3100 vilevile. Nyingine imetoka wapi? Kubwa ni kamera yenyewe kula umeme kidogo. Lakini kipimo cha CIPA kinataka flashi ya ndani iwake kwenye nusu ya picha zote, na flashi ya D3500 imepunguzwa nguvu. Guide number (namba ya nguvu ya flashi) ya D3100 ni 12, ya D3500 ni 7. Flashi ndogo hula kidogo, hesabu ya betri inapendeza.

Kwa anayepiga bila flashi, D3500 bado inashinda vizuri tu, ila asitegemee kuona ule umara-tatu.

#10 Mtu_wa_Betri

Khaa! Miaka yote hii nasoma hiyo namba sikujua flashi imo ndani.

#11 Sauti_ya_Nyuma

Ngoja kwanza. Kamera mpya ina flashi dhaifu kuliko ya zamani?

#12 Fundi_Pikseli

Ndiyo. Gawanya guide number kwa namba ya tundu upate umbali kwa mita, ISO 100. D3100 kwenye f/3.5 inafika mita 3.4. D3500 inafika mita 2. Ukifunga hadi f/5.6, D3100 ni mita 2 na kidogo, D3500 ni mita 1.25, hapo mtu yuko karibu akuguse. Ukipandisha D3500 hadi ISO 400 umeshalipa deni na chenji imebaki, na ISO 400 kwake ni safi kabisa. Kwa hiyo kwenye picha huoni hasara, ila ukifungua karatasi ya vipimo unashangaa.

#13 MpigaJioni (mtoa mada)

Ahsante Fundi. Na flashi si peke yake. Kuna vitu vitatu vinne vya D3100 nilivitafuta kwenye D3500 nikavikosa.

Cha kwanza, vumbi. D3100 ina mtikisiko wa kusafisha sensa. Unaweza kuuweka ufanyike kila ukiwasha au kuzima. D3500 haina. Nilibadilisha lenzi nje kwenye upepo, jioni nikapiga anga kwa f/16, nikaona madoa matatu. Ikabidi nitumie kipuliza cha mpira, kioo kimeinuliwa, kamera imeangalia chini. Madoa mawili yakatoka, moja nilimrudishia shemeji nikiwa nimelikiri.

Cha pili, waya wa kupigia kutoka mbali. D3100 ina tundu la kuchomeka waya wa MC-DC2. D3500 haina tundu hilo, na rimoti ile ndogo ya mwanga haisikii pia. Unabaki na kipima muda au simu. Mimi hupiga anga la usiku kwa sekunde 30, kwa hiyo kipima muda kinanitosha, lakini mwenye kazi ya kushikilia shata dakika tano ajue mapema.

Kuhusu simu: D3500 ina Bluetooth, haina Wi-Fi. Picha zinazojituma zenyewe kwenda kwenye simu ni za megapikseli 2. Kutuma kwa bibi zinatosha. Nyingine zote nilichomoa kadi.

Mkononi D3500 ni tamu, sifichi. Gramu 365 bila betri, dhidi ya 455, na pale pa kushikia pamechimbwa kwa kina, vidole vinakaa. Skrini zote ni inchi 3, lakini ya D3100 ina nukta 230,000 na ya D3500 ina 921,000. Kwa D3100 huwa siiamini skrini kuniambia kama fokasi imekaa. Nakuza, natazama, bado nina mashaka mpaka nifike kwenye kompyuta. Kwa D3500 nilikuwa nafuta palepale.

#14 Sauti_ya_Nyuma

Na video jamani? Mimi ndicho kinachonileta.

#15 Kivuli_cha_Saa_Sita

D3100 ndiyo DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani) ya kwanza ya Nikon kurekodi 1080p, lakini kwa fremu 24 tu, na kipande kimoja hakizidi dakika 10. D3500 inakupa 1080p hadi fremu 60, ukipunguza mwendo kwenye kuhariri inakubali. Ila sauti, zote mbili zina maikrofoni ya ndani ya mono na hakuna tundu la maikrofoni ya nje. Kama jina lako lina maana, hizi zote mbili si zako.

#16 Sauti_ya_Nyuma

Sasa hapo mmenivunja mbavu na moyo.

#17 Kivuli_cha_Saa_Sita

Tafuta D3300 mkuu, ya 2014. Watu wanairuka kwa sababu namba yake iko katikati. Megapikseli 24.2, haina kile kichujio alichosema Fundi, fremu 5 kwa sekunde, 1080p kwa 60, na juu ya hayo ina tundu la maikrofoni, flashi ya guide number 12 na kusafisha sensa. Fokasi ni ileile ya nukta 11, huikimbii familia hii. Nikon waliongeza vitu mpaka D3300, halafu kwenye D3400 wakaanza kuving'oa.

#18 Bi_Lenzi

Nakubaliana, na nashangaa haikuwa jibu la kwanza. Kizazi kipya ndani ya ukoo mmoja hakikuwa na kila cha kizazi cha zamani, mtu asome karatasi ya vipimo mstari kwa mstari kabla ya kuamua.

#19 Mgeni_wa_Kamera

Habari zenu wakubwa, shikamooni. Mimi ni mgeni kabisa, nimesoma uzi wote, nina shida inayofanana na haya. Nimepata bodi ya D3100 kwa mtu mmoja, lenzi ya 18-55 nikaipata kwa mwingine, ilitoka kwenye D3500. Nimeichomeka imeingia vizuri. Lakini haifokasi. Nimejaribu kuzungusha pete kwa mkono, haifokasi pia, picha zote ukungu. Nimesafisha vile vidoti vya shaba kwa kitambaa, hakuna kitu. Je, ni kamera imekufa au lenzi?

#20 Fundi_Pikseli

Marahaba. Usitupe chochote. Nisomee maandishi kwenye lenzi, kuzunguka kioo cha mbele au ubavuni. Imeandikwa AF-S au AF-P?

#21 Mgeni_wa_Kamera

AF-P DX NIKKOR 18-55mm 1:3.5-5.6G VR

#22 Fundi_Pikseli

Basi hakuna kilichokufa. AF-P ina mota ya aina mpya, na D3100 ni ya kabla yake, haijui kuzungumza nayo. Hata pete ya mkono kwenye lenzi hiyo haisukumi vioo moja kwa moja. Inatuma ujumbe kwa mota, na mota inasubiri amri ya kamera ambayo haiji. Ndiyo maana mkono nao umegoma. Hakuna sasisho la programu linalotibu hili kwa D3100.

Unachotaka ni 18-55 iliyoandikwa AF-S, ile yenye VR (ya kutuliza mtikisiko). Inaingia na kufokasi bila maneno. Kamwombe aliyekupa mbadilishane. Yeye mwenye D3500 akipokea AF-S itafanya kazi kwake pia. Ni wewe tu uliyefungiwa njia ya kwenda mbele.

#23 MpigaJioni (mtoa mada)

Hili lilipaswa kuwa kwenye bandiko langu la kwanza. Sikuliona kwa sababu nilitumia lenzi moja ya AF-S kwenye zote. Njia niliyodhani ni ya haki ndiyo iliyonificha tofauti inayomuumiza mtu kweli.

Na nyongeza kwa wageni: bodi zote mbili hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF-D, kama 50mm f/1.8D, zinaingia na kupima mwanga, ila fokasi ni mkono wako. Zile za zamani zaidi zisizo na umeme kabisa zinaingia, lakini utapigia kwenye M (hali ya kupanga kila kitu kwa mkono) na mwanga utaukadiria mwenyewe.

#24 Mtu_wa_Betri

Wengi wanaonunua kamera hizi sasa wananunua zilizotumika, maana Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020. Mnakagua nini?

#25 Bi_Lenzi

Mimi hubeba kadi yangu na lenzi yangu. Napiga ukuta mweupe kwa f/16 kuona madoa. Naweka kifuniko cha lenzi, napiga sekunde 30 kwenye giza, nione kama kuna nukta zinazowaka nyekundu au bluu. Natazama betri kama imevimba. Ikitoka kwa kubanwabanwa, imevimba. Halafu naondoka na picha moja ya JPEG isiyohaririwa. Ndani yake Nikon huandika idadi ya mara shata ilizofunguka, programu ya ExifTool inaisoma. Muuzaji akikataa usiondoke na picha, ondoka bila kamera.

#26 Kivuli_cha_Saa_Sita

Na mpira wa pale pa kushikia. Ukishanata kama gundi hauponi, nilivyoona mimi.

#27 Fundi_Pikseli

Mtoa mada hujasema. Wiki mbili zimekwisha, unahama au unabaki?

#28 MpigaJioni (mtoa mada)

Nimebaki, kwa sasa. Nilirudi ukumbini na D3100 peke yake, nikafanya mawili niliyokuwa sifanyi: nikatumia nukta ya katikati tu, na nikaacha kupiga giza nikitegemea kuinua vivuli baadaye, kwa sababu sensa hii hainisamehei. Nikauongeza mwanga tangu kwenye kamera, hata kama taa ya darini inaungua nyeupe. Nyuso zikatoka safi kuliko nilivyozoea.

Ila ile picha ya dirishani sijaisahau. Shemeji akitaja kuuza, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, pamoja na doa langu.

#29 Mgeni_wa_Kamera

Wakubwa nimerudi. Yule ndugu kakubali tubadilishane. Lenzi mpya imeandikwa AF-S, nimeichomeka, nimebonyeza nusu, ikalia pii na ile nukta ya kijani ikawaka ndani ya kitundu cha kuchungulia. Nimempiga paka. Anaonekana mpaka masharubu.

#30 Bi_Lenzi

Weka picha ya paka tuione.